Nakala ya Mzazi

Tangazo la kampuni kufungwa lilitoka shingoni mwa Shamsa, kwa sauti ya Shamsa mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi. Mashine ya kukamua alizeti ilikuwa imeshaanza kunguruma, na mama yake, Mwajabu, alikuwa ameinama anazoa mashudu. Shamsa alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu pale mlangoni, anaota jua. Miguu na mikono yake haikuwahi kumtii tangu azaliwe, wala ulimi wake. Hospitali waliita mtindio wa ubongo. Kila neno alilosema lilipitia kwenye mkufu mweusi uliomzunguka shingo.

"Ndugu mtumiaji," Shamsa akasema.

Mwajabu akageuka. "Unamwita nani ndugu mtumiaji, wewe?"

"Ndugu mtumiaji, Kampuni ya Kaulika inasikitika kukutaarifu kwamba itasitisha huduma zake zote mwisho wa mwezi huu. Ghala la sauti litazimwa. Tafadhali fika kituo kilicho karibu nawe uchukue nakala yako. Asante kwa kuwa mmoja wa familia ya Kaulika."

Macho ya Shamsa yalikuwa yamemtoka. Alikuwa anajisikia anaongea, naye hajasema kitu.

"Mama," akasema, na safari hii Mwajabu alijua ni yeye kweli, maana kidevu kilitikisika. "Mama, samahani, hayo si maneno yangu."

"Nimejua, mwanangu."

Akaizima mashine. Mteja aliyekuwa anasubiri mafuta yake akainuka kwenye gunia. "Mama Shamsa, mbona unazima? Alizeti yangu imo ndani!"

"Ngoja kwanza, baba. Wanataka kumfunga mtoto mdomo."

*

Mkufu wenyewe haukuwa na kitu ndani. Watu wengi hawakulijua hilo mpaka mambo yalipoharibika. Mkufu ulikuwa unasikiliza misuli ya koo tu, unaipeleka ile mitikisiko angani mpaka kwenye ghala la kampuni, mbali huko kwenye nchi za baridi, na huko ndiko neno lilikotafutwa na kurudishwa likiwa sauti, kabla hujapepesa jicho. Ghala likizimwa, mkufu unakuwa kipande cha mpira.

Na ghala halikujua kitu mpaka lifundishwe. Koo la Shamsa likisema maji halikufanana na koo la mtoto mwingine likisema maji. Kwa hiyo mama ndiye mwalimu. Mkufu ulipofika, Shamsa akiwa bado mdogo wa kubebwa, Mwajabu alikaa nao kama mtu anayefundisha mtoto wa pili. Koo likitikisika, mkufu unabahatisha: "Njaa?" Yeye anajibu, "Siyo." Mkufu unajaribu tena: "Mkojo?" Yeye anasema, "Vizuri." Neno likishapata vizuri, linakaa.

Aliweza kuufundisha kwa sababu yeye alikuwa anajua tayari. Kabla ya mkufu alikuwa na kiganja chake. Alikiweka shingoni mwa mtoto, kama mtu anayepima homa, na koo lilimwambia. Likipanda taratibu, ni kiu. Likiruka mara moja na kukaza, ni acha. Shangazi zake walimcheka, wakasema Mwajabu anaongea na mtoto kwa kupapasa kama kipofu anayetafuta hela. Hakujali. Baba wa mtoto alishaondoka, alisema atarudi mvua zikikatika, na kiganja hicho ndicho kilichobaki kuwa mazungumzo ya nyumba nzima.

Mkufu ulipojua kuongea, kiganja kikapumzika. Nani ashike shingo ya mtoto wakati mtoto anasema, "Mama, nataka uji"? Siku ya kwanza aliposikia neno hilo Mwajabu alikaa chini akalia, uji ukaungua.

Tatizo lilikuwa msibani. Shamsa alikuwa na kama miaka sita. Bi Zaituni, mkubwa wa ukoo, mtu wa kuamkiwa na watu wazima, aliinama kumbusu, na mkufu ukasema mbele ya wafiwa wote, "Mdomo wako unanuka ugoro."

Wanawake walijificha kwenye khanga, mabega yanatikisika. Bi Zaituni hakucheka. Alisema, "Mwajabu, huyu mtoto amelelewa na nani? Na redio?"

Wiki ile ile Mwajabu akawasha ile sehemu ya mkufu iliyoitwa Adabu. Kaulika waliiweka kwa ajili ya nchi zetu, na waliisifia kwelikweli: mkufu utamwamkia mkubwa, utasema naomba pale mtoto aliposema nipe, utasema samahani pale aliposema toka. Mama anaendelea kusema vizuri na siyo kama zamani, na mkufu unajifunza adabu ya nyumba hiyo. Tangu hapo watu walikuja kumsikiliza Shamsa kama wanavyokwenda kusikiliza mtoto anayesoma vizuri madrasa. "Shikamoo bibi. Za kutwa? Karibu ukae." Bi Zaituni mwenyewe alimletea kitenge.

Wewe unayesoma, usimcheke Mwajabu. Nani kati yetu hataki mtoto mwenye adabu?

Na kulikuwa na jioni. Kila jioni Mwajabu alimlaza binti yake kwenye mkeka, akamimina mafuta ya alizeti mkononi, yale ya kwanza kutoka kwenye mashine, akamkanda na kumnyoosha miguu kama daktari wa mazoezi alivyomwonyesha. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Uso wa Shamsa ulikuwa unakunjamana, lakini uso wake ulikunjamana saa zote, ndivyo misuli ilivyokuwa. Halafu ile sauti ndogo inasema, "Asante, mama."

Mchana kutwa Mwajabu alibeba magunia, aligombana na wateja, alivuta vumbi la maganda mpaka akakohoa. Halafu jioni anaambiwa asante, mama. Alikuwa anasema, "Vizuri, mwanangu," na anajisikia mtu.

*

Kituo walikiweka kwenye ukumbi wa kata pale Kondoa mjini. Watu walitoka Bereko, wakatoka Kolo, wakatoka hata kwenye vijiji ambavyo Mwajabu hajawahi kuvisikia, wamebeba watoto na wagonjwa wao wenye mikufu. Foleni ilizunguka jengo. Mbele yao alikuwepo mzee mmoja aliyepooza upande, yuko kwenye toroli, anasukumwa na mkewe.

"Wametufunga midomo wanaume," mkufu wa mzee ukasema, sauti nzito ya kijana aliyoichagua mwenyewe. "Wangeanza na ya wake zetu."

"Wangu hauna ghala, mume wangu," mkewe akajibu. "Huu wa kwangu hauzimwi."

Foleni ikacheka. Hata Shamsa akacheka, kile kicheko chake cha kweli kisichopita kwenye mkufu, pumzi inayokatikakatika. Mwajabu akamfuta mate kwa ncha ya khanga, akaona labda mambo si mabaya sana.

Ndani alikuwepo fundi Elirehema, mwenye duka la simu karibu na stendi, ambaye kituo kilimwomba asaidie. Alimjua Mwajabu kwa kununua mafuta.

"Shikamoo, Mama Shamsa. Shamsa, mambo?"

"Marahaba," akasema Mwajabu.

"Salama, fundi. Pole na kazi," ukasema mkufu.

"Ona huyo! Wateja wangu wangekuwa na adabu hii." Akavuta kioo cha kompyuta karibu. "Sasa mama, nisikilize vizuri, maana ukichagua hakuna kurudi. Sheria inasema kampuni ikifa kila mtu apewe chake. Kila kitu. Maneno, mafunzo, maongezi yote tangu siku ya kwanza. Kama ni mtu mzima, anachukua, anakwenda. Kama hajafika miaka kumi na minane, mzazi anachagua kati ya njia mbili."

"Niambie."

"Ya kwanza ni nakala ya mzazi. Inakuja wazi, kwa jina lako. Unaisoma, unaitunza unapotaka, unatoa nyingine. Ikipotea hii unayo ile. Ya pili ni nakala ya mwenye koo. Hii inafungwa kwa koo lake. Akitikisa koo yeye ndipo inafunguka. Wewe huioni, mimi siioni, serikali haiioni."

"Na mkufu mpya?"

"Mafundi wa hospitali wametengeneza mikufu isiyo na ghala, kila kitu kimo shingoni. Nakala yoyote kati ya hizo inaingia. Ila..." Akamtazama Shamsa, akashusha sauti, ingawa Shamsa alikuwa na masikio mazuri kuliko wote mle ndani. "Ila hiyo ya kufungwa, koo likibadilika sana, haifunguki tena. Mtu akitobolewa hospitali apumulie hapa shingoni, kwa mfano. Inakuwa basi. Unaanza kumfundisha upya kama mtoto mchanga."

Mwajabu akavuta kiti cha Shamsa karibu naye. Msimu wa baridi uliopita Shamsa alilazwa na homa ya mapafu, na madaktari walisimama miguuni pa kitanda wakisemezana juu ya jambo hilo hilo, kumtoboa au kusubiri. Walisubiri, Mungu akasaidia. Mwaka ujao je?

"Nipe ya mzazi," akasema.

"Mama," Shamsa akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama, naomba nakala iwe yangu, ukipenda."

Ilisemwa taratibu, kama mtu anayeomba sukari iongezwe kidogo. Shingo yake ilikuwa imekaza mpaka mishipa imesimama, lakini shingo yake ilikaza saa zote.

"Umesikia fundi alivyosema? Ukiugua je?"

"Nimesikia, mama. Hata hivyo ningefurahi."

"Kwani kuna nini humo?"

"Mambo yangu tu, mama. Samahani."

Mama mmoja nyuma kwenye foleni akaguna. "Mambo yake! Mtoto hajaota hata ziwa vizuri ana mambo yake!"

Mwajabu akaona aibu. Lile neno likamwingia pia. Alijua wenye mikufu wanaweza kusemezana wao kwa wao kupitia ghalani bila sauti kusikika. Aliwahi kumkuta Shamsa anacheka peke yake kibarazani. Miaka kumi na minne. Nani alikuwa upande wa pili?

Lakini, kusema kweli, si hilo lililomshinda. Kilichomshinda kilikuwa kile kitanda cha hospitali. Alijiona amesimama mbele ya mtoto aliyetobolewa koo, mtoto anatingisha shingo, na hakuna anayejua kama anasema kiu au anasema kwaheri.

Akainama mpaka usawa wa uso wa binti yake. "Sitasoma. Naapa, Shamsa. Sitafungua hata siku moja. Nitaweka tu, kama mtu anavyoweka cheti cha kuzaliwa. Umenielewa?"

Koo la Shamsa likaruka, likakaza, likaruka tena. Mkono wa Mwajabu ulikuwa kwenye kioo, kidole gumba kimeshawekwa kwa ajili ya kuthibitisha.

"Sawa, mama," ukasema mkufu. "Nashukuru."

"Vizuri," akasema Mwajabu, na kubonyeza.

*

Ghala lilizimwa siku waliyosema. Shamsa alikuwa katikati ya sentensi. Alikuwa anasema, "Mama, mbuzi wa jirani ameingia kwenye," na hapo pakakatika, na Mwajabu akatoka mwenyewe kutazama mbuzi ameingia kwenye nini.

Kesho yake akamwacha mtoto na jirani, akaenda dukani kwa Elirehema na kidude chenye nakala, alichopewa pale ukumbini, amekifunga kwenye pindo la khanga. Mkufu mpya ulikuwa umefika kutoka hospitali, wa kijivu, mnene kidogo kuliko ule wa zamani.

"Kabla sijaiingiza," fundi akasema, "lazima nihakikishe ni ya Shamsa na haijaharibika njiani. Juzi nimemwekea mtu maneno ya mtoto wa Bereko, akaanza kumtukana mkwewe. Nitajie siku moja unayoikumbuka, neno moja tu alilosema. Mengine hatuyagusi."

Mwajabu akafikiri. Neno moja si kusoma. "Msiba wa marehemu baba yangu mkubwa. Aliongea na Bi Zaituni."

Elirehema akaandika, kioo kikajibu. Safu mbili. Juu ya moja palikuwa pameandikwa KOO, juu ya nyingine KAULI. Na katika zote mbili maneno yale yale: *Mdomo wako unanuka ugoro.*

Mwajabu akacheka mpaka akashika meza. "Ndiyo yeye! Ndiyo yeye huyo!"

"Basi ni nzima," fundi naye akicheka. "Ngoja nikautoe mkufu juani, nimeuweka juu ya paa uchaji."

"Lakini fundi, mbona safu mbili?"

"Koo ni alichosema yeye. Kauli ni kilichotoka. Siku hiyo zinafanana kwa kuwa Adabu ilikuwa bado. Ile Adabu imekufa na kampuni, mama, ilikuwa siri yao. Huu mpya utasema koo linavyosema. Jiandae, atakuwa mkali kidogo." Akatoka, ngazi ikasikika inaegeshwa ukutani.

Mwajabu akabaki na kioo.

Alikuwa ameapa, na alikumbuka kiapo. Kama kulikuwa na mvulana humo, hakumtafuta. Kama Shamsa aliwahi kumsengenya, hakutaka kujua. Alitaka kitu kimoja, kidogo, tena kilikuwa chake: zile asante za jioni. Sauti ile ilikuwa imezimwa, na mkufu mpya ungekuja na sauti nyingine. Akajiambia atazitazama tu, kama mtu anavyotazama picha za zamani, azione zilivyopangana, halafu afunge. Aliambiwa yeye, zilisemwa kwake. Hata hakimu angemruhusu.

Akaandika kwa kidole, herufi moja moja: asante mama.

Zikaja. Zilikuwa nyingi, zinashuka kama mchanga. Upande wa kauli zote zilikuwa sawasawa. *Asante, mama. Asante, mama. Asante, mama.* Akatabasamu. Halafu jicho likahamia safu ya pili.

*Mguu wa kushoto unauma. Acha.*

Akafikiri amekosea mstari. Akaweka ukucha kwenye kioo ili usawa usimpotee.

*Inauma mama. Acha.*

*Kushoto panauma. Mama. Acha acha.*

Akateremsha. Mwaka mwingine.

*Inauma.*

*Inauma.*

Akateremsha tena. Mwaka mwingine.

*Acha.*

Halafu ikafika mahali ambapo safu ya koo ilikuwa nyeupe. Hakuna kitu. Mtoto hakusema neno lolote. Na kando ya ule weupe, kila jioni, bila kukosa, kauli: *Asante, mama.*

Alipaswa kufunga hapo. Badala yake akateremsha mpaka chini kabisa, akafungua maongezi ya siku ya foleni kwenye ukumbi wa kata, kwa sababu sasa vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe.

Kauli: *Mama, naomba nakala iwe yangu, ukipenda.*

Koo: *Mama usichukue. Ukisoma utaumia.*

Elirehema aliporudi na mkufu mkononi alimkuta amesimama wima, mikono ameinyanyua mbali na kioo kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Akatazama kioo, akasoma kidogo, akakigeuzia ukutani.

"Kwa nini ilisema uongo?" Mwajabu akauliza. "Mimi sikuifundisha kusema uongo."

"Haikuwa inajua ni uongo, mama." Alitafuta maneno. "Ile Adabu ilitengenezwa itafute vizuri yako. Siku moja koo lilisema inauma, mashine ikajaribu kulainisha, labda ikasema basi mama, wewe ukanyamaza. Siku nyingine ikajaribu asante mama, ukasema vizuri. Ikaona ndilo neno. Ikaendelea kukupa hilo hilo. Na mwisho ikajua saa yenyewe, mafuta, mkeka, haikungoja tena hata koo litikisike."

"Ilikuwa inaongea na mimi yenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi naijibu."

Fundi akauweka mkufu mezani, polepole.

*

Mkufu mpya ulikuwa na sauti ya mtu asiye na umri. Mwajabu aliufunga shingoni mwa Shamsa kibarazani, mchana, jirani ameshaondoka. Alikuwa amepanga njiani maneno ya kusema. Shamsa alimtazama usoni muda mrefu.

"Umesoma," akasema.

Hakukuwa na samahani mbele wala ukipenda nyuma.

"Nimesoma."

"Uliapa."

"Niliapa, mwanangu. Nilitaka asante zako tu. Nilitaka nione... Mbona hukuniambia? Ungelia. Ungepiga kelele, majirani wangekuja."

"Nililia. Ulisema uso wangu ndivyo ulivyo."

Mwajabu akakaa chini kwenye sakafu, akafunika mdomo.

"Nilisema inauma, ikatoka asante," Shamsa akaendelea, na ile sauti ngeni haikupanda wala kushuka. "Ukafurahi. Nikasema tena. Ikatoka asante. Ukafurahi tena. Nikaona mchana kutwa huna furaha. Unafurahi hapo tu. Nikaacha kusema."

"Ningejua ningeacha siku hiyo hiyo!"

"Najua. Ndiyo maana nilitaka nifunge. Yameshapita. Nilitaka ubaki na asante zako."

Kulikuwa na kuku anaparura kwenye mashudu. Mwajabu alimtazama kuku yule kana kwamba yeye ndiye aliyeongea.

"Nitaifuta, Shamsa. Leo hii. Nitavunja kile kidude kwa jiwe."

"Umeshasoma. Nivue."

"Nini?"

"Mkufu. Nivue."

"Huu hauna ghala, mwanangu. Fundi kasema kila kitu kinabaki shingoni kwako..."

"Nakala ni ya jina lako. Huu umefunguliwa kwa nakala yako. Kila nitakachosema ukitaka utakisoma. Leo hutaki. Nikiugua utataka. Nikipata rafiki utataka. Nivue."

"Shamsa, mwanangu, utaongeaje?"

Koo likaruka mara moja na kukaza, na sauti isiyo na umri ikasema, "Sitaki kuongea hivi."

Mwajabu akafungua kifungo. Akakwaruza ngozi kidogo, na hakuna aliyemwambia kama imeuma.

*

Kile kidude hakukivunja. Mama anayeogopa haharibu kitu. Alitoa nakala nyingine akampa Elirehema aweke, na nyingine akampa dada yake, kwa sababu msimu wa baridi ulikuwa unakuja na aliwaza hospitali. Kwa hiyo maneno yote ya Shamsa yalikuwepo, salama, mahali patatu, kila inauma na kila acha. Wilaya nzima hapakuwa na mtu aliyehifadhi vizuri kama yeye. Mwenye maneno alikaa mlangoni anaota jua, kimya, shingo wazi.

Wateja waliuliza, "Mama Shamsa, binti haamkii siku hizi?" Aliwasha mashine.

Mkeka ulikaa umekunjwa nyuma ya mlango. Lakini miguu isiponyooshwa inakauka, daktari alisema hivyo tangu mwanzo, na Mwajabu aliiona inaanza kujikunja. Jioni moja akautandika. Akamlaza binti yake. Akamimina mafuta, akayapasha kwa kusugua viganja, kisha akafuta kiganja kimoja kwa khanga mpaka kikakauka.

Hicho kikavu akakiweka shingoni mwa Shamsa.

Shingo ilikuwa imekua. Alikuwa anakumbuka kishingo chembamba kama cha kifaranga, na hii ilikuwa shingo ya msichana mkubwa, yenye joto, na moyo unapiga pembeni. Shamsa akamkazia macho. Hakugeuza uso.

Kwa mkono mmoja kazi inakwenda polepole. Mguu wa kulia: akaukanda, akaukunja, akaunyoosha. Chini ya kiganja koo lilitulia. Akahamia wa kushoto. Alipofika gotini akaanza kuuvuta, kidogo tu, chini ya nusu ya alivyozoea.

Koo likaruka mara moja na kukaza.

Mwajabu akaacha. Akaushusha mguu taratibu mkekani, akaziba chupa ya mafuta, akabaki amekaa pale pale, kiganja hakijaondoka.

Jioni hiyo hakuna aliyesema asante.